Bomba la Siti Nililolikata Fupi

Dada yangu,

"Fremu ya mtumba ni mzoga. Anayeifunga vifaa vipya anamvisha maiti suti, na hata suti ikimkaa vizuri namna gani, maiti hapandi mlima."

Maneno hayo si yangu, na ukiyasoma mara mbili utaona hayawezi kuwa yangu, maana yamejaa dharau na hayana hoja hata moja. Ni ya yule mkaguzi mstaafu wa shule ambaye tumekuwa tukirushiana mawe kwenye ukurasa wa barua wa gazeti tangu mwaka juzi. Mzoga gani, Dada? Mzoga huoza, alumini haiozi. Maiti hafufuki kwa kubadilishiwa mifupa, baiskeli hufufuka. Mtu amekagua shule miaka thelathini na bado hajui kulinganisha vitu viwili vinavyolingana!

Lakini nimetanguliza ugomvi na salamu nimeziacha mlangoni, kama kawaida yangu. Shikamoo, Dada. Mgongo unaendeleaje, na lile jicho la kushoto ulilosema linachoka kutunga uzi? Wapwa zangu hawajambo? Yule mkubwa bado anakugombeza kila ukitoka na baiskeli kupeleka nguo za wateja? Wifi yako anakusalimu sana na anasema gauni limemkaa kama alizaliwa nalo. Mimi mwili ni mzima. Kichwani sijui. Nimechanganyikiwa kuliko nilivyowahi kuwa, na wewe unajua mimi si mtu wa kukiri kwamba jambo limenipita.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilimjibu mkaguzi gazetini kwamba nitaunda baiskeli ya milimani kwa fremu ya mtumba, iwe chini ya kilo kumi, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu itapanda kilima cha tangi la maji, kuanzia kituo cha mafuta mpaka kileleni, mpandaji asiguse chini hata kwa kidole cha mguu. Isipopanda, nitaandika kwa jina langu kamili kwamba nilikosea. Gazeti likachapa. Jumamosi yenyewe ni wiki ijayo. Katika miaka ishirini na miwili ya kuandika sijawahi kuchapisha neno "nilikosea," na mkaguzi ameshatangaza kwamba atakuja na kiti chake cha kukunja ili alingoje akiwa amekaa.

Fremu niliipata nyuma ya karakana za wachomeleaji, chini ya lundo la madawati yaliyovunjika miguu. Rangi imebabuka, kibonyeo kimoja ubavuni, lakini niliponyanyua kwa mkono mmoja nusura niirushe. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mwenye kibanda kando ya soko, ambaye watu wanamwita Inategemea, kwa sababu hilo ndilo jibu lake. Umwulize kama alumini ni bora kuliko chuma, inategemea. Umwulize kama mvua itanyesha, inategemea. Mke wake, anayeuza matairi hapo hapo, aliniambia kwamba hata siku ya kufunga ndoa, alipoulizwa kama amekubali, aliitazama dari kwanza hadi wazee wakaanza kukohoa.

Fikiria mtu kama mimi mbele ya mtu kama huyo. Siku ya kwanza nilidhani ananidhihaki. Alifunga uzi nyuma ya fremu, akauzungusha mbele, akaurudisha upande wa pili, akapima nafasi kati ya uzi na bomba kulia na kushoto. Zililingana. Akagonga kila kiungo kwa ukucha na kusikiliza. Nikamwuliza, mzoga huu? Akasema mzoga ungesikika mlio mwingine. Dada, nilitaka kumkumbatia. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari ili nimpige nayo mkaguzi.

Tukaanza kupunguza uzito. Tulikwangua rangi yote. Gia tatu za mbele tukabakiza moja. Uma wa mbele wenye springi tukautoa, tukaweka ule mkavu, usio na springi. Boliti za chuma tukabadilisha moja moja. Nilikuwa nakuja na mizani ya kuning'iniza, napima hata kofia ya valvu, na wateja wake wakaanza kunitania, wakiniuliza kama nitajikata na kucha pia. Nilikuwa na furaha, Dada, furaha ya kitoto, sijui niiite nini.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa neno. Nilimwambia nataka baiskeli nyepesi. Kesho yake nikakuta ameweka nyuma sahani pana ya gia iliyoongeza gramu mia mbili na kitu. Nikawaka. Nilimwambia lugha ina maana zake, nyepesi ni nyepesi, na mtu asiyejua maana ya maneno asishike spana ya mwenzake. Akaniacha nimalize, kisha akaniuliza: nyepesi ya mkono au nyepesi ya mguu? Kwa sababu ya mkono ni ile unayoinyanyua, na ya mguu ni ile inayokubali mlima. Wateja wakanigeukia kuona nitajibu nini. Mimi, niliyewahi kuandika makala sita kuhusu matumizi mabaya ya maneno, nikafungua daftari nikalifunga. Nyepesi ya mkono ninaijua. Ya pili sikujua alikuwa anazungumzia nini. Nikasema liwe linalofaa, nikaondoka kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni.

Ilipokamilika ilikuwa kilo tisa na gramu mia saba. Inang'aa kama kijiko. Kila usiku naitundika ukumbini, na wifi yako anasema anajihisi anakaa na mgeni asiyekubali kuketi.

Sasa nifike kwenye msumeno. Juzi Jumanne, kabla sijaanza kuitundika hapo, niliona bomba la siti, ule mti unaoibeba siti, ni refu bila sababu. Nikakaa, nikahakikisha nyayo zangu zote mbili zimetulia chini, nikaweka alama, nikakata. Nimeokoa gramu sitini na tano. Nikaipeleka kwa Inategemea nikiwa nimejaa majivuno. Aliitazama siti. Akanitazama miguu. Akaitazama siti tena. Kisha akaniomba nizunguke nayo uwanjani mara moja tu, aone mnyororo unavyoshika.

Nikasema goti linauma. Akasema nizunguke polepole. Nikasema viatu hivi si vya baiskeli. Akasema nivue. Nikaanza kumhutubia juu ya wateja kuheshimiwa, na nikiwa katikati ya hotuba akaniinamia sikioni, ili wengine wasisikie, akaniambia kwamba siti hiyo imekatwa na mtu anayetaka kusimama, si na mtu anayetaka kwenda. Kwamba anayeendesha hunyoosha mguu mpaka karibu mwisho, na hilo mtoto wa darasa la tatu analijua kwa mwili wake, halisomwi. Akaniambia: "Mzee wangu, hujui kuendesha." Hakusema inategemea.

Dada, sijui kuendesha baiskeli. Nina miaka hamsini na miwili na sijawahi kwenda nayo hata hatua kumi.

Najua hapo umeweka barua chini. Ichukue tena, maana hilo ni dogo. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Nimewahi kuitumia methali hiyo kumshambulia waziri, na sasa naona ni methali ya watu waliobahatika. Yangu ina miaka thelathini na minane na ndiyo kwanza naona kona yake.

Unakumbuka mchana ule Baba alipoteleza kutoka kwenye kiti cha cherehani, mdomo umekwenda upande, Mama akipiga kelele tumfuate tabibu kule zahanati, ng'ambo ya daraja. Wewe ulikuwa umeshashika usukani. Mguu mmoja ulikuwa juu ya pedali. Mimi ndiye niliyeutoa mkono wako. Nilikwambia ubaki na Mama, mimi ni mwanamume, nitafika haraka. Ukaniachia, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa nimejigamba kwamba nimejifunza nyuma ya shule kwa baiskeli ya rafiki yangu. Sikuwa nimejifunza kitu. Nilikuwa nikitazama wenzangu.

Nilikimbia nayo mkononi mpaka pale kwenye mashine ya kusaga, mahali ambapo usingeweza kuniona. Nikapanda, nikaanguka. Nikapanda tena, nikaanguka vibaya zaidi. Kisha nikaikokota. Ile ya Baba, chuma tupu, na karia yake, na furushi la vitambaa ambalo hatukulifungua. Nilikimbia nikiikokota mwendo ambao wewe ungeumaliza kwa nusu saa. Mimi ulinichukua saa moja na nusu, labda zaidi. Na jambo nisilolielewa mpaka leo, ambalo nimelizungusha kichwani wiki nzima kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi, ni kwa nini sikuitupa kwenye mashine nikakimbia mikono mitupu. Ningefika mapema. Nadhani niliogopa kwamba nikifika bila baiskeli tabibu ataniuliza iko wapi. Nadhani. Niliikokota ili nionekane niliiendesha.

Tabibu aliponiuliza kwa nini nimechelewa nilisema mnyororo ulichomoka. Yeye akatangulia kwa pikipiki yake, mimi nikaikokota kurudi. Nilipoingia, Mama alinikumbatia, akasema nimeua magoti yangu kwa ajili ya baba yangu. Wewe ndiye uliyeniletea maji ya chumvi ukanisafisha. Nikakuacha unisafishe.

Tabibu alimwambia Mama mlangoni, na mimi nikasikia, kwamba mtu kama huyu akipatikana mapema kidogo, wakati mwingine mkono hurudi. Wakati mwingine. Mwaka jana nilimwuliza daktari mmoja hapa, bila kumwambia ni nani, kama saa moja ingebadilisha kitu. Akasema kwa ugonjwa ule, na kwa dawa za zama zile, hakuna anayeweza kujua. Nimebishana na watu kuhusu kila kitu chini ya jua, lakini hapo sina wa kubishana naye. Ninachojua ni hiki: mkono wa Baba haukushika mkasi tena miaka kumi na mmoja aliyoishi baadaye, na wewe ukaacha shule ukiwa na miaka kumi na sita, ukakaa kwenye kiti chake. Karo yangu ilitoka chini ya sindano yako. Vitabu vyote ambavyo ninawapiga navyo watu vichwani vilitoka chini ya sindano yako. Na kila sikukuu, watu wakikusanyika, Mama alisimulia jinsi nilivyoendesha kama upepo, na wewe ulikuwa ukitikisa kichwa kuthibitisha.

Sijui kwa nini niliiweka ahadi ile gazetini. Wifi yako anasema mtu hujichimbia shimo pale anapotaka kuzikwa. Nimemjibu kwa hasira kwamba hiyo si hoja, kisha nikakaa jikoni nikiitafuta hoja nyingine nisiipate. Nimeshamla ng'ombe mzima, na mkia umenikodolea macho. Inategemea amejitolea kunifundisha kwa siku tisa. Nimejaribu jana na leo, uwanjani, amenishika siti kwa nyuma, na kila akiachia mwili wangu unakwenda kulekule kwenye mashine ya kusaga. Sasa ametoa bomba nililolikata na ana jingine refu mezani. Ameniuliza alikate kwa mguu wa nani.

Nimesoma upya ahadi yangu gazetini, neno kwa neno, kama wakili. Nimeandika "mpandaji." Sikuandika "mimi."

Kwa hiyo nisikilize, na ninyi wapwa zangu mnaosoma juu ya bega la mama yenu, ninyi hasa nisikilizeni. Msimwambie amezeeka. Anapanda mteremko wa sokoni kila siku na furushi la nguo za watu, ninyi mkipumua kwa shida nyuma yake. Msimfichie barua hii, na msimpunguzie makali yake mkimsomea.

Na wewe, Dada, usinitumie msamaha kwa wino. Sitaupokea. Wala usiniandikie kwamba yamepita, kwa maana hayajapita kwangu, na sidhani yamepita mgongoni mwako. Umenyamaza maisha yako yote mimi nikisema, na nikadhani nimekushinda. Safari hii nijibu. Nigombeze mpaka uchoke. Kama baada ya hapo hutaki kuniona, niambie hivyo hivyo, nami nitaandika gazetini kwamba nilikosea, na nitaeleza ni wapi hasa, nikianzia kwenye mashine ya kusaga.

Lakini kama unataka, vua kiatu, simama ukutani, chukua utepe wako, ujipime kutoka pale mapaja yanapokutana mpaka kisigino. Andika namba hiyo kwenye karatasi, uitume Jumatatu, fundi anasubiri na msumeno. Kisha njoo Ijumaa. Nitakuwa mlangoni nimeishika baiskeli, na ukifika nitauachia usukani.

Wasalimie wote wa nyumbani, na jirani yako yule anayeniita Redio.

Ni mimi mdogo wako,
mbishi wa nyumba yenu