Bata wa Posta, kwa Babu Yetu Fundi Video

Ni mwaka mmoja sasa, Babu, tangu uinuke kwenye kiti chako cha Jumapili bila kutuachia rimoti. Tuliitafuta siku tatu. Ilikuwa mfukoni mwa koti lako la kazi, pamoja na bisibisi na pamba. Hata kuondoka umeondoka na utani.

Mtaani walikuita Fundi Video. Miaka arobaini ulitengeneza televisheni na deki za watu, na kila televisheni iliyopona ilikaa sebuleni kwetu wiki moja zaidi. Mteja akija juu, ulimjibu kwa upole, "Mama, bado iko kwenye majaribio." Majaribio yenyewe ni sisi wajukuu saba, tumejipanga sakafuni Jumapili saa tisa alasiri, tunatazama filamu za watoto zilizotoka kabla wazazi wetu hawajaota meno.

Tukilalamika kwamba ni za zamani mno, ulinigeukia mimi. "Mume mwenzangu, filamu ya watoto isiyomtoa mtu mzima machozi, hilo ni tangazo la sabuni." Halafu unajifanya unafuta miwani. Tulikuona, Babu. Ile ya mbuzi aliyesomea urubani ilikuliza kila mara, na ile ya mapacha waliomficha tembo bafuni uliicheka kabla kichekesho hakijafika, sisi tukajua tujiandae.

Lakini mfalme wa filamu zote alikuwa Bata wa Posta. Amebakiwa na barua moja tu. Anapita kwenye mvua, anawakwepa mbwa, anavuka barabara ya malori, anafika mlangoni, anainua mdomo agonge... mara Shangazi yetu huyo hapo, kavaa shela, anakata keki! Ulirekodi harusi ya binti yako kwenye kanda ileile, juu ya mwisho wa filamu. Fundi mzima! Kweli kinyozi hajinyoi.

Na kosa hukulikubali hata siku moja. Ulizima sauti, ukaendelea kusimulia juu ya picha za harusi kama vile filamu ni ileile. Jumapili hii barua ni ya mwaliko, Jumapili ijayo Bata ndiye mshenga, nyingine keki imepotea na wageni wote wanashukiwa. Mimi hadi darasa la nne niliamini Shangazi ni mwigizaji. Nilimwomba saini nikawaringishie wenzangu, naye bila haya akanipa.

Ulipotutoka, Bibi aliifunika deki kwa kitambaa. Ikifika Jumapili saa tisa, ghafla ana kazi jikoni. Sahani safi zinaoshwa upya. Kumwita tulimwita, akasema, "Tazameni tu, wanangu, mimi nasikia kutoka huku." Na hakukuwa na cha kusikia. Tukaanza kuogopa kwamba tutampoteza na yeye, akiwa hapohapo nyumbani.

Jumapili iliyopita tukathubutu. Baba Mdogo alisafisha kichwa cha deki kwa pamba yako, mimi nikashika usimulizi. Bata akafika mlangoni, Shangazi akatokea na keki, nikazima sauti.

"Ndipo Bata akatoa barua," nikasema. "Akasema... akasema... shikamoo."

"Babu hasemi hivyo!" akafoka Kidole, mjukuu wako wa mwisho, yule asiyeacha kitufe bila kukibonyeza.

"Mwacheni," Shangazi akasema. "Kazi ya uigizaji si ya kila mtu."

Keki ikawa inakatwa kimyakimya.

"Mwenye nyumba akafungua mlango," ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa Bibi, kasimama penye mlango wa jikoni, sahani mkononi. "Akamtazama Bata toka juu hadi chini. Akamwambia, barua nimeiona, asante. Sasa vua viatu, nimefuta sakafu."

Babu, hayo si ndiyo uliyoambiwa kila jioni ukitoka karakana? Baba Mdogo alicheka hadi akashika ukuta.

Kidole akauliza, "Bibi, kwani bata anavaa viatu?"

"Wangu alivaa," akasema Bibi. "Na hakuvivua hata siku moja."

Akaweka sahani chini, akaja kukaa kwenye kiti chako. Akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo, kisha akanigonga begani. "Wewe mume wangu mdogo, rudisha nyuma. Pale kwenye malori nilikuwa jikoni."

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado ni wangu pia, Baba Mdogo, Shangazi, nyota wa filamu, wajukuu zako saba, na mama mmoja wa mtaa wa pili anayeulizia televisheni yake. Tumemjibu iko kwenye majaribio.

Daima utabaki nasi, Babu. Viatu vyako tumeviweka nje ya mlango, Bibi asije akasema.