Mzunguko wa Kushoto

4 Machi

Kwa Dada,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ndege nzima, ila habari zako sizijui, maana tangu tumzike Baba mwaka wa nne huu hata mstari mmoja hujaniandikia. Natumaini lile vumbi la viwanja limekuacha na kifua kimepoa.

Nimesikia jambo nikacheka peke yangu karakanani hadi fundi akanitazama mara mbili. Eti chama cha marubani kimekupa wewe, Futikamba wetu, kazi ya kuchora njia ya mbio za ndege za kuzunguka nguzo! Yule yule anayegombanisha majirani kwa hatua moja ya mpaka, leo anapima hewa. Hongera, nasema kwa moyo mweupe.

Mimi nimejiandikisha. Miaka kumi na moja napuliza dawa kwenye mashamba ya watu, shati halitoki harufu hata lifuliwe mara ngapi. Atakayeshinda mbio hizi atachukuliwa kuwa mwalimu wa urubani. Umri unakwenda, Dada. Nafasi nyingine siioni.

Sasa ombi. Mbio za namna hii huzunguka kushoto, kwa mazoea tu. Njia yako ichore izunguke kulia. Kwako ni kugeuza mshale kwenye karatasi, na hakuna atakayekuuliza. Mkono wangu umezoea kulia, basi.

Mama goti linamsumbua lakini anakula vizuri. Bado naishi naye.

Mdogo wako


15 Machi

Kipanga,

Nimeipata barua yako nikiwa mzima, na kifua ni kile kile, asante kwa kukumbuka. Pole ya goti mpe Mama.

Kwa kuwa umeuliza, nikueleze kazi yangu. Nguzo ni sita, za kitambaa kilichojazwa upepo, kila moja ndefu kama nyumba ya ghorofa nne. Tatu mwisho huu, tatu mwisho ule, na katikati njia mbili zilizonyooka, kila moja mita elfu moja na mia tano. Kona nimezipa nusu kipenyo cha mita mia nne. Nikizibana zaidi, damu inawakimbia marubani kichwani. Nikizilegeza, watazamaji wanasinzia. Ndege ikishindwa kukata kona haiingii ndani, inatupwa nje, ikifuata mstari ulionyooka. Kwa hiyo kila kona nimeichorea mstari wa kutupwa, na hakuna mstari hata mmoja unaoruhusiwa kugusa watu. Wakizunguka kushoto, wa kutupwa atakwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Wakizunguka kulia, atakwenda jukwaani. Njia ni ya kushoto.

Halafu usinifanye mjinga. Mkono wako haujazoea kitu. Ukizunguka kushoto nguzo inakaa kushoto kwako, na jicho lako la kushoto halioni.

Nani alitembea upande wako wa kushoto miaka mitatu? Baba alisema, "Umemtoa jicho, sasa wewe ndiye jicho lake." Akanitoa shule nikupeleke wewe shule. Nilikuwa nakusubiri nje ya darasa na mfuko wako magotini. Niliporudi masomoni nilikaa na watoto wanaonifika kiunoni, wakaniita Bibi. Mpaka Baba anakata roho hakunywa maji niliyomtilia mimi. Na wewe unajua nilikuwa wapi manati ilipokatika. Nilikuwa jikoni.

Sitaki uniombe radhi. Nataka uandike. Mwandikie Mama ilivyokuwa siku ile na jicho lilivyo leo, bila kuruka kitu, utie sahihi, uniletee mimi. Ukifanya hivyo nitafikiria kugeuza njia.

Dada yako


2 Aprili

Kwa Dada,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima sana.

Nimekaa na barua yako wiki mbili nikitafuta pa kucheka, nimekosa. Mwanamke mtu mzima, ofisi yake mwenyewe, wafanyakazi wanne, bado anahesabu mambo ya manati! Nilikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba akimwogopa baba yake anasema lolote linalomjia mdomoni. Wewe ulikuwa na kumi na moja, ungeweza kujitetea. Ulinyamaza, ukapenda kuonewa, na tangu hapo umekuwa ukijilisha huko kuonewa asubuhi na jioni. Ndiyo maana nyumbani kwako hakuna anayekufungulia mlango.

Weka kushoto kwako. Nitageuza shingo. Shingo ninayo.

Mdogo wako


9 Aprili

Kipanga,

Mimi sijambo. Wewe je, shingo haijambo?

Nimeipigia hesabu. Unaingia nguzo ya tatu kwa mwendo wa kilomita mia tatu na hamsini kwa saa. Ndege imelala ubavu, mwili wako umekuwa mzito karibu mara tatu. Kichwa pamoja na kofia ni kama umejitwika mtoto, na hicho ndicho unachotaka kukigeuza nyuma ya bega la kushoto. Utakigeuza mara ya kwanza. Mzunguko wa tano hutaweza. Wenzako wawili watakuwa karibu yako, na anayetaka kukupita kwa ndani atakuja upande huo huo. Hutamwona. Utamsikia.

Kuhusu mlango wangu: ni kweli hakuna wa kunifungulia. Nina ufunguo.

Nakupa siku kumi.

Dada yako


20 Aprili

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi mwili hauna kitu, moyo ndio haujambo kwa shida.

Juzi nilipanga mapipa sita shambani kwa vipimo vyako, nijaribu. Nikazunguka kushoto. Mzunguko wa nne nilikata kona ya pipa la tatu na sikuona kitu upande ule, kama kawaida. Niliposhuka nilimkuta mwanamke mmoja amekaa chini kwenye matuta, jembe limeanguka mbali. Alikuwa akipalilia. Nilipita karibu sana juu ya kichwa chake, kiasi kwamba kitambaa alichojitanda kilipeperuka. Nikamwomba msamaha akanitazama tu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Basi, naandika kama ulivyotaka. Maneno ya kumwambia Mama ni haya:

Mama, Dada hakunirushia jiwe. Alikuwa jikoni. Nilikuwa nyuma ya choo napiga kopo kwa manati, nikavuta kupita kiasi, mpira ukakatika ukanirudia jichoni. Nilimwogopa Baba, kwa sababu manati alishanikataza. Nikamtaja Dada kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuja mbio. Baadaye kila siku nilitaka kusema, lakini alikuwa akinibebea mfuko, na nilipenda kubebewa. Jicho la kushoto halioni kitu ila mwanga na giza. Kwa daktari wa marubani nimepita mara kumi na moja. Ubao wa herufi naujua kwa moyo, na nikiambiwa nifunike jicho zima naliziba kwa vidole vilivyoachana kidogo.

Nimetia sahihi. Sasa geuza njia, Dada yangu. Nikizunguka kulia naona kila kitu, hakuna atakayeumia, na nikishinda nitafundisha watu urubani, sitarudi tena mashambani. Nakuomba kama mtoto. Na lile neno la mlango unisamehe, lilikuwa neno la kihuni.

Mdogo wako


13 Mei

Kipanga,

Natumaini u mzima na Mama ni mzima.

Barua ilinifika na nimeipiga nakala. Moja nimeipeleka kwa madaktari wa marubani. Walinipigia simu kuuliza kama sahihi ni yako, nikasema ndiyo. Leseni yako itafutwa kabla mwezi haujaisha, ya mbio na ya mashamba pia. Yule mwanamke mwenye jembe yu hai kwa bahati tu, na wewe ulichoniomba baada ya kumwandika ni nafasi.

Njia inazunguka kulia. Chama kiliupokea mchoro huo tarehe kumi Machi, siku tano kabla sijakujibu barua ya kwanza. Jua la alasiri ndilo lililoamua: wangezunguka kushoto, wangetoka nguzo ya tatu jua likiwa machoni. Jukwaa halikuwa limejengwa, likahamia upande wa pili kwa kifutio. Ni njia nzuri, Kipanga. Sijachora iliyo bora zaidi, na ungeiruka vizuri.

Nilidhani nikishaipeleka ile nakala nitajuta. Nimengoja wiki nzima nijute. Nimefurahi.

Nakala ya pili hii hapa ndani. Mama hasomi. Msomee wewe, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Halafu niandikie alichosema. Nimengoja miaka thelathini na moja, nataka maneno yake yenyewe.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Natumaini u mzima. Mimi leseni nimeirudisha Jumatatu.

Nimemsomea Mama jana mchana, amekaa kitandani, goti juu ya mto. Nilisoma yote, hata ya vidole. Nilipomaliza aliniuliza kama barua imekwisha. Nikasema imekwisha.

Akasema, "Hayo nayajua." Alikuwa akianika nguo, aliniona nikiokota manati iliyokatika na kuitupa kwenye majani. Ni yeye aliyeifuata akaitia motoni kabla Baba hajarudi. Nikamuuliza, kwa nini basi ulimwacha Dada abebe? Akasema (umetaka maneno yake yenyewe, Dada, ni haya): "Kwa jicho lile Baba yenu lazima angemtoa mmoja shule. Nilimchagua yule ambaye hangeniuma sana."

Kisha akaomba chai. Nikampa. Nikamwambia nitakuandikia leo, je, ana neno lolote la kukutumia. Alifikiri kidogo, akasema hana.

Mdogo wako