Chungu Kisichotaka Kupoa

Baba Mwamba, mume wangu uliyelala chini ya mlima bila kaburi,

Leo mchana mama yako na Kasongo, kaka yako, watakuja kuchukua chungu chetu. Wanataka kukizika badala yako, maana mlima ulikumeza na haukukurudisha. Nimekubali. Nakuandikia kabla hawajafika, kwa sababu chungu ni chetu sisi wawili na wewe hukuulizwa.

Unakumbuka siku ulipolileta lile jiwe hapa Kikula? Ulilisukuma juu ya baiskeli toka vilima vya Mulungwishi, umejaa unga mweupe mpaka kwenye nyusi. Nikakuuliza kama Likasi imekosa mawe. Ukacheka, ukachukua kisu changu cha jikoni, ukalikata mbele yangu kama mtu anayemenya muhogo. Nilipoligusa likateleza, kama sabuni iliyolowa.

"Njo maana banaiita jiwe ya sabuni," ukasema. "Kisu inaikata, lakini moto haiweze kuipasula."

Kisha ukaanza hadithi za babu yako: kwamba wazee waliokuwa wakiyeyusha shaba zamani, kabla ya kiwanda chochote, walichonga mawe kama hili yakawa kalibu, wakamimina shaba ya moto ndani na jiwe halikupasuka hata kidogo. Mengine wakayafanya viko vya tumbaku, mengine vyungu. Nikakukatiza: "Baba Mwamba, minye niko na njala, weye uko na masolo, hadithi ya bankambo!" Ukanichongea chungu, ukasema hayo ndiyo majibu yako.

Tembo na vichwa vya watu ulivyochonga kwa jiwe lile havikununuliwa. Wateja walivipapasa, wakavirudisha mezani, wakauliza vinyago vya malakiti, lile jiwe la kijani. Tembo bado wamejaa dirishani, wananiangalia tu. Watoto hawali tembo wa jiwe, nawe ukaingia kwenye mashimo ya madini pamoja na wachimbaji wengine.

Kila siku nilipika ndani ya chungu kile, nikakitoa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikakifunga kitenge. Makaa yakishakuwa majivu, chungu kilikuwa bado kinakungoja na joto lake. Ulirudi umechoka, hukupuliza hata mara moja, ukauchoma ulimi, ukanilaumu mimi. Mwanaume mbishi wewe!

Siku mlima uliposhuka juu ya mashimo nilikuwa nimekuwekea samaki wa ziwa la Tshangalele na sombe, majani ya muhogo. Wenzako walikuja wakasimama mlangoni bila wewe. Nilielewa. Sikulia, nilikwenda jikoni nikatia mkono ndani ya chungu. Samaki alikuwa na joto bado. Nikawaambia hamwezi kusema amekufa, chakula chake hakijapoa! Maskini mimi, niliamini neno langu mwenyewe.

Hawakukutoa. Walisema udongo unaendelea kushuka. Nami nikaendelea kupika, kufunga, kungoja, mpaka majirani wakaanza kunikwepa.

Juzi mama yako alikuja, akakaa chini kabisa, akakataa kiti. "Mwana yangu haina kaburi," akasema. "Niende kulilia wapi? Tuzike ile chungu. Iko na alama ya mukono yake." Nilimfokea, Baba Mwamba. Nilimwambia atafute chungu chake. Alinyoosha kidole akapitisha kwenye mikwaruzo ya kisu chako, taratibu, kama alivyokuwa akikuogesha ulipokuwa mchanga, nikakosa nguvu ya kumnyang'anya.

Usidhani nimekubali kwa kuwa nimetulia. Nimekubali kwa kuwa sikungoji tena, na hilo ndilo linaloniua. Watu wananiambia Mungu atanifariji. Atanifariji na nini? Waliobaki hapa ni mimi na watoto, na hii baridi ya Katanga inayoingia hata chini ya blanketi.

Chungu kipo juu ya mbabula toka alfajiri. Nimeongeza makaa mara kwa mara, ili moto uingie mpaka ndani ya jiwe lenyewe. Kasongo atalazimika kukibeba na kitenge, la sivyo kitamuunguza. Nataka kishuke udongoni na joto, huko uliko kuna baridi kuliko hapa.

Ndani sikutia chakula. Nimekuwekea joto tu, mume wangu, maana ndilo lililobaki nyumbani, na likishaondoka mimi sitakuwa nalo.

Mke wako,
Mama Mwamba