Nani Anaigusa Piano Yetu

Nzuguni, Dodoma

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika Kibakwe salama na mgongo haukukusumbua njiani. Huku tu wazima, vumbi na upepo ni vilevile ulivyoviacha. Ninaandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kulisema hili.

Ni habari ya piano ya kanisa. Ulipokuwa hapa nililalamika kwamba vibao vinaganda, nikibonyeza kimoja hakirudi juu. Fundi Hamza alivichomoa vyote, akabandua vitambaa vya sufu vinavyovishikilia, akaweka vipya, akasawazisha na nyundo ndogo za ndani. Jumapili ikalia vizuri. Wiki iliyofuata vikaganda. Akarudia kazi yote, vikaganda tena.

Unanijua mwanao, sikai bila kumshuku mtu. Nikaanza kumchunguza. Alifanya kazi amefunga mlango, na nikiingia anaacha kazi. Aliposema kuna mtu anatia mafuta mle ndani, ndiyo maana sufu inavimba na kubana vibao, nikaona anatafuta pa kujifichia, maana ufunguo wa piano tulikuwa nao yeye na mimi tu. Nikaenda kwa wazee wa kanisa, nikawaambia anaharibu makusudi ili kazi isiishe. Alipomaliza kubadilisha vitambaa mara ya mwisho, wakamfukuza. Siku hizi hata makanisa mengine hayamwiti. Wiki hiyohiyo wewe ukasafiri, na piano haijaganda tena. Kila mtu akasema, si mnaona wenyewe.

Juzi nilikuwa natupa vile vitambaa alivyobandua. Vilinuka alizeti. Mafuta yale nayajua, ndiyo unayotuletea tupikie. Nikamshuku mume wangu Luka, halafu Paulina mliyekuwa mkifagia naye kanisa. Nikamwendea Paulina na maneno makali. Akashangaa kwamba sikujua. Akasema kila Jumamosi ulikuja na ule ufunguo wangu unaoning'inia jikoni, ukadondoshea vibao mafuta kama unavyoifanyia cherehani yako, ukisema mwanangu asichoke vidole.

Nimelia, mama. Wewe ulinipenda tu, na mimi nikamharibia mtu jina.

Jumapili nitasimama mbele ya washarika wote nimsafishe Hamza. Naomba ruhusa nikutaje. Ukiona aibu, nitasema mafuta nilitia mimi, wala sitakulaumu. Ila yeye hatabaki na lawama hii hata Jumapili moja zaidi.

Msalimie sana baba, na mdogo wangu Erica mwambie namkumbuka.

Mwanao,
Anitha