Landrova Iliyosukuma Tela Mpaka Banda la Mbata

Omari kapita! Tela limeingia mpaka banda la mbata, limepakiwa, limetoka, na hakuna mnazi uliochubuka hata gamba moja. Lori limeshindwa, landrova imeshinda, na dereva wa chama ni mwanangu mie, niliyemzaa na kumnyonyesha.

Haya, sasa salamu. Salaam aleikum, daftari langu. Leo ni Jumatano, mwaka wa tatu wa Uhuru wetu. Mvua ilipiga alfajiri ikakatika, mchanga umeshikana, na mie nimekaa barazani kabla ya magharibi na kalamu inanicheza mkononi kwa furaha. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima atanisamehe mistari ikipanda na kushuka.

Nieleze vizuri, ili hata atakayesoma siku mie sipo aelewe mwanangu ni mtu wa namna gani.

Chama chetu cha wakulima hapa Msambweni kiliamua kununua gari moja la kuvuta tela, nazi na mbata, zile nazi kavu, zitoke mashambani bila kupita juu ya vichwa vyetu sisi wanawake. Shingo yangu inaijua njia ile kuliko miguu. Omari, mwanangu wa kwanza, amekaa miaka sita kwenye shamba la mkonge akiwa dereva wa kuvuta tela kutwa kucha. Basi wanachama wakamwambia, nenda Mombasa, tazama, utuchagulie.

Taabu ni njia yenyewe. Kutoka barabara kuu mpaka bandani ni uchochoro kati ya minazi, na mwisho wake hapana pa kugeuzia gari. Mgeni atasema, si mkate minazi miwili mitatu? Thubutu! Kwetu ardhi ni ya huyu, mnazi ni wa yule, na ule wa pembeni ni wa warithi tisa, wawili wako Tanga. Mnazi wa mtu hauguswi. Kwa hiyo tela sharti lirudishwe kinyumenyume tangu barabarani. Na pale kwenye kona umesimama mnazi wa wifi yangu Nimwaka, dada yake Baba Omari, umejitokeza njiani kama tumbo la mja mzito.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kassimu, alikuwa ameshapenda lori. Aliisikia honi yake huko Mombasa akarudi hazungumzi jingine.

"Honi ile, jamani, ukiipiga hapa watu wa Vanga wanatoka nje!"

Nami nikiri kwako, daftari. Nililitaka lori hilohilo. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa kule juu mbele, ushungi unapepea, napita Kinondo polepole ili wanione vizuri.

Omari alikata ufito, akaingia uchochoroni akipima mnazi kwa mnazi, akalipata pengo jembamba kuliko yote, ni palepale kwa Nimwaka. Akaupunguza ufito mpaka ukalingana na pengo. Kisha akavuka nao Likoni. Wenzake wanakwenda Mombasa na mkoba, mwanangu kaenda na ufito begani, na kwenye feri watu wakamuuliza kama anakwenda kuchunga mbuzi. Kila gari aliloonyeshwa aliliwekea ufito kwa upana, halafu akapanda kitini, akageuza shingo, akatazama kama atapaona mahali tela litakapokuwa. Honi hakugusa hata moja.

Aliyoichagua ni landrova kuukuu ya mzungu mmoja wa mkonge anayerudi kwao. Fupi, rangi imechujuka, kwa paa ina turubai tu. Mzungu akakubali ijaribiwe kwanza. Nilipoiona imesimama uani moyo ulinishuka, nikamwambia mwanangu maneno ambayo sitaki kuyaandika.

Nitayaandika.

Nilimwambia, "Miaka yote hiyo ya udereva, umekuja kutuletea kopo?"

Siku mbili hatukusemeshana ila salamu. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Basi.

Jumapili ukawa mkutano wa chama. Mzee Kassimu akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Mama Omari, mwanao tunampenda, lakini gari hili ni la kupelekea mayai sokoni." Watu wakacheka. Omari akainamisha kichwa.

Ajabu, daftari. Yalikuwa ni yaleyale niliyoyasema mie nyumbani kwangu. Ila yalipotoka kinywani mwa mtu mwingine, mbele za watu, ndipo nikajua yalivyo machungu. Nikajikuta nimesimama.

"Magari yote mawili yajaribiwe njiani," nikasema. "Na Omari akiugusa mnazi wa mtu, mwenye mnazi achague miwili katika yangu, iwe yake moja kwa moja."

Watu wakageuza shingo kunitazama.

Minazi yangu ni saba tu, aliyoniachia marehemu baba yangu, na kitu kingine kilicho changu peke yangu duniani sina. Baba Omari alipumua kwa pua kama anapofanya akiona nimeshaharibu. Wifi yangu hakungoja hata mkutano ufungwe.

"Mie nishachagua, wifi. Ile miwili mifupi ya kitamli iliyo kisimani. Madafu yake matamu mno."

"Utayanywa ndotoni," nikamjibu.

Leo asubuhi lori likatangulia. Dereva wake alikuwa bwana mmoja wa Mombasa, mtu hodari, sitamsema vibaya. Alianza kurudi nyuma kwa madaha. Tatizo ni kwamba kila mtu hapa kwetu aliamka ni mwalimu wa udereva. "Kulia!" "Kushoto, wewe, kushoto!" "Nyoosha!" Na tela la kurudisha nyuma, Omari amenieleza, ukizungusha usukani huku, lenyewe linakwenda kule. Masikini yule bwana akawa anafuata sauti, na kila sauti ilikuwa na njia yake. Walipofika kwenye kona, lori na tela vikakunjana kama kiwiko. Nimwaka akaukumbatia mnazi wake kwa mikono miwili.

"Pitisheni juu yangu kwanza!" akapiga kelele. "Wallahi, pitisheni juu yangu!"

Ikabidi wanaume walifungue tela walitoe kwa mikono, wakiimba na kutokwa na jasho. Lori halikuwa na kosa. Ni kubwa tu, linataka dunia pana. Mzee Kassimu akabaki kutazama viatu vyake.

Baada ya adhuhuri ikawa zamu ya Omari. Nilikuwa sijala kitu. Nilisimama karibu na kona, mahali ambapo ningeona nikipoteza minazi yangu.

Wala hakuanza kurudi nyuma. Alilifungua tela pale barabarani, akaizungusha landrova, akalijia tela uso kwa uso. Kumbe Jumatatu alikwenda kwa fundi wa vyuma akafungiwa kulabu kwenye bampa la mbele. Akalifunga tela mbele ya gari.

Watu wakaanguka kwa kicheko. "Wifi!" akaita Nimwaka. "Mwanao kavaa kanzu mgongo mbele!"

Nikakaza leso kiunoni, macho kwenye tela.

Omari akakunja turubai lote, akatia gia nzito, ile inayoshika magurudumu yote manne, akaanza kulisukuma tela mbele yake. Polepole, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba alimolala mtoto. Hapo ndipo nikaelewa. Yule bwana wa lori alikuwa akilitafuta tela kwenye kioo na katika makelele ya watu. Mwanangu alikuwa nalo machoni, gurudumu la kushoto na la kulia, ncha zote mbili, kama mama anavyomtembeza mtoto mbele yake sokoni asimpotee.

Walimu wa udereva hawakukoma. "Kata kulia, Omari! Kata!" Akainua mkono mmoja, bila hasira.

"Wazee wangu, nawaomba. Niacheni nione."

Wakanyamaza. Wazee wazima, na wakanyamaza. Na huyo ndiye mtu niliyemwambia kaleta kopo.

Kwenye kona tela likakaribia mnazi wa Nimwaka, likakaribia mno. Omari akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, akalinyoosha, akasukuma tena. Halikutosha. Akarudi mara ya pili. Nilifumba macho nikasoma dua niliyokuwa naijua. Nilipofumbua, Nimwaka mwenyewe alikuwa ameinama, kaingiza mkono kati ya chuma na mnazi.

"Kiganja kinapita," akasema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa, "Jamani, kiganja changu kinapita!"

Na tela likapita.

Vigelegele vya kwanza havikuwa vyangu, daftari. Vilikuwa vya Nimwaka, yeye aliyekuwa ameshayaonja madafu yangu kwa mawazo. Nilimkumbatia hapohapo njiani tukalia kama watu waliofiwa.

Bandani wakapakia magunia ya mbata. Kutoka ikawa rahisi: landrova ikatangulia kwa rivasi, Omari kageuza shingo, na tela zito lile likamfuata kama mwana-mbuzi anayemfuata mamaye. Mchanga wa pale kwenye mteremko, unaokula mpaka baiskeli, haukuishika hata kidogo. Niliitazama ile rangi iliyochujuka nikaiona nzuri. Fupi, imekaza, haina majivuno, inafanya kazi. Nilitamani kuipangusa kwa leso yangu.

Mzee Kassimu ni mtu muungwana, lazima niseme. Alikwenda mpaka mlangoni mwa gari akampa Omari mkono mbele ya wote. "Gari ni hili, na dereva ni wewe, mwanangu. Ila nipigie honi niisikie." Omari akaipiga. Ikatoa sauti kama kuku aliyekabwa. Mzee Kassimu alicheka mpaka akashika bampa asianguke.

Nimejisifu leo mpaka ulimi umechoka. Kwa muuza samaki nimejisifu, kisimani nimejisifu, hata yule bwana wa lori nilimpa dafu nikamweleza Omari alizaliwa na uzito gani.

Lakini mwanangu mwenyewe sijamwomba radhi.

Aliporudi nilimpa maji ya kunywa kwa mikono miwili. Akanywa, akasema, "Ahsante, mama," akatabasamu. Badala ya kusema neno la radhi, nikapokea kikombe nikaenda kukisuuza. Ningeweza kunyamaza, naye asingelitaja lile la kopo tena maisha yake yote, namjua. Lakini kama Mzee Kassimu, pamoja na uenyekiti wake, ameweza kulisahihisha la hadharani, mie mamake nitashindwaje na la nyumbani? Nitalisema, tena mbele za watu, nao wajue kuwa hata mie sikumwamini.

Chama kimeshapanga siku ya mzigo wa kwanza. Wakwezi wameambiwa, kila mwenye mnazi uchochoroni anakuja kuangusha nazi zake, Nimwaka analeta sufuria lake kubwa, nami napika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Waje wa Kinondo, waje wa barabarani, aje na mwenye lori akipenda. Nawangoja wote hapa kwangu Jumamosi, jua likichomoza.