Dubu wa Shemeji

Jumamosi, 4 Mei

Dubu tena! Mara nne leo. Mara nne shemeji kageuka dubu, nami nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, sebuleni kwangu, namtazama anavyojichekea utadhani kaumba dunia.

Na ujinga huo niliuandika mimi. Mchezo nimeutunga mimi, hadithi nasimulia mimi, wao wana dadu na karatasi zao za wahusika tu. Nikaweka sheria: mchawi akigeuka mnyama anapewa uhai wote wa mnyama huyo. Dubu ana pointi arobaini. Zikiisha, mchawi anarudi mtu, mzima, hana hata mkwaruzo — halafu anageuka dubu mwingine! Jitu la pangoni nililolihangaikia wiki tatu limekufa chai haijapoa. Mwalimu wa hesabu na shujaa wake wa upanga hakupata zamu mbili. Nesi alichora maua pembeni mwa karatasi yake.

Nilipofoka, shemeji kasema sheria ni zangu, yeye anazisoma tu. Fundi lifti! Anashinda shimoni wiki nzima, akitoka huko anataka kututawala. Mdogo wangu aliona nini kwa huyu mtu?

Jumapili, 5 Mei

Mdogo wangu kapiga simu. Ati nimemwaibisha mumewe mbele za watu. Ati huo mchezo ndio furaha yake pekee. Nikamwambia amtafutie nyingine. Kakata simu. Sawa.

Jumatano, 8 Mei

Mashine ya fotokopi imekwama mara tatu, wateja wanang'aka dukani, mimi kichwani nina dubu tu. Nikimpunguzia pointi atalalamika. Nikimruhusu mara moja kwa siku atalalamika. Dawa yake nimeipata saa ya chakula, nikaiandika nyuma ya risiti: uhai wa mnyama ukiisha, mchawi naye kafa. Basi! Hakuna cha kurudi mtu. Nimeipiga chapa, nakala nne, karatasi nzito kabisa. Sasa nitamtia adabu.

Ijumaa, 10 Mei

Mwalimu kapita dukani kuchukua mitihani yake, nikampa nakala. Kaisoma mpaka mwisho. Kasema dubu mwenye arobaini atapona tu, niangalie wanyama wadogo. Nikamjibu hapa hakuna wanyama wadogo, hapa kuna shemeji. Kabeba mitihani yake kaenda. Watu wa hesabu bwana! Kila kitu lazima wakikokotoe.

Nesi katuma ujumbe: kabadilishana zamu, kesho yupo. Miaka sita anabembeleza wenzake wodini ili asikose meza yangu. Nilipolazwa mwaka juzi, yeye ndiye aliyenilisha kwa kijiko. Kusema kweli rafiki mwingine sina.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika jikoni. Wako sebuleni, wananisubiri. Nimesema naweka birika. Birika limeshachemka zamani.

Niliisoma sheria mpya kwa sauti, macho yangu kwa shemeji. Hakubisha! Akauliza tu, kwa wote? Nikasema kwa wote, hata nipigiwe magoti.

Tukaanza. Shemeji hakugeuka dubu hata mara moja, alikaa nyuma na fimbo yake, mpole kupita kiasi. Tukafika ngomeni, lango limefungwa. Kikongwe wa nesi, naye mchawi, akafanya anachofanya siku zote: akageuka mbayuwayu apenye dirishani, akawafungulie wenzake. Mbayuwayu ana pointi mbili. Mlinzi akampiga mshale. Dadu niliirusha mimi, mbele ya wote. Tatu: pointi zote mbili zimekwenda.

Zamani angeanguka chini, akawa bibi kizee, akatukana, tukacheka. Leo kafa. Mwalimu akaanza kufuta miwani. Nesi akanitazama, akasema polepole: dada, hii sheria si ni ya dubu?

Kwetu mhusika akifa, karatasi yake inachanwa palepale, na anayechana ni mimi. Nikanyoosha mkono. Na nani akafungua mdomo? Shemeji! Ati, shemeji, iache hii sheria. Dubu mchukue, simtaki tena. Mwachie mwenzako kikongwe wake. Kwa upole hivyo! Afadhali angenicheka. Angenicheka ningejua la kufanya. Nikaibeba karatasi nikaja nayo huku.

Imelainika kama kitambaa. Pembe zimeshikizwa kwa plasta ya hospitali. Nyuma kaandika kila kilichompata kikongwe wake, miaka sita, herufi ndogo ndogo. Sikuwahi kuisoma. Mstari wa kwanza ni tarehe aliyokuja kwangu mara ya kwanza.

Ni kutoka tu, niseme nimekosea. Neno moja! Lakini shemeji atakuwa pale, na huruma yake usoni, na leo leo mdogo wangu atapewa habari yote: dada yako kashika adabu. Kwa fundi lifti! Siwezi. Nimeshasema siwezi.

Kiti kimevutwa. Nesi anauliza viatu vyake viko wapi. Shemeji anamwambia angoje kidogo, mimi shemeji yake nakuja. Ananitetea! Nani kamtuma?

Mlango wa mbele umefunguliwa. Nataka kumwita. Nimeikunja karatasi mara mbili, na kwenye mkunjo imeanza kuchanika — yenyewe, mimi sijafanya kitu, mimi nimeishika tu —