Majivu ya Jikoni

Mama,

Ile nyumba ya kujifungulia tuliyoikandika hapa Chinongwe imeezekwa. Kaka Hamisi alikuwa juu ya paa akiwapigia wenzake kelele kama fundi mkuu, na unajua mwenyewe banda lako la kuku lilivyomshinda. Ungecheka wewe!

Ukuta waliopangiwa watu wa nyumba yetu kuukandika bado una alama za viganja vyako. Sijaruhusu mtu aulainishe.

Mama, kuna jambo linanichoma. Unakumbuka siku ile tulipomaliza zamu ya siku ya kukandika, tukakaa na matope yetu miguuni ili nesi atufundishe? Akakuuliza wewe, mkunga wa kijiji kizima, kitovu cha mtoto unakitia nini. Ukajibu kwa fahari, "Majivu ya jikoni." Nami, mjuaji, nikadakia mbele ya watu wote: "Hayo majivu ndiyo yanayoua watoto, Mama!"

Ukaanza kubandua matope miguuni. Hapo ndipo nikawakumbuka wadogo zangu wawili waliokufa wachanga, uliowatia majivu kwa mikono yako. Lo, mdomo wangu!

Nilidhani hutarudi tena. Kesho yake ukatangulia na mtungi wa maji kichwani, ukakanyaga udongo, na nesi alipofika ukakaa mbele kabisa. Jioni ukaniita uani, ukachukua kijiti cha muhogo kuwa kitovu, na uzi uliochemsha. "Haya, mwalimu, tazama kama nimepatia." Tukafunga na kukata mpaka ugali ukapoa. Hukunilaumu hata mara moja, nami sikukuomba radhi. Nilisema kesho, kesho, mpaka homa ikakuchukua.

Juma lililopita mke wa Hamisi alijifungua mle katika nyumba mpya, nesi hayupo. Nikachemsha wembe na uzi, nikafunga kama ulivyokuwa unafunga wewe. Nageuka, namwona mama mzazi wa wifi, naye mkunga, mlangoni na majivu kiganjani. Nilitaka kumkemea, Mama. Nikamwomba tutoke nje, nikamwuliza amezalisha wangapi. Alinisimulia mmoja mmoja, mpaka waliokufa. Alilia. Halafu akaniuliza mwenyewe, "Sasa, mwanangu, nyie mnafanyaje?"

Mtoto hajambo, ananyonya.

Nisamehe, Mama. Ulifanya ulivyofundishwa na bibi, na uliwapenda wale watoto. Nakuahidi, kila mkunga mzee atakayekuja hapa nitamwita pembeni, tuwe wawili tu, na nitamsikiliza kwanza. Pumzika, mama yangu.

Mwanao,
Somoe